Vita Viligeuka na Kabaw Pia

Mwulize mwanafunzi wa sekondari ni wapi Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipogeuka, naye atakutajia bila ya kusita: Midway, Juni 1942, El Alamein, Novemba mwaka huo huo, na Stalingrad, Wajerumani waliposalimu amri Februari 1943. Majibu hayo ni sahihi, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuwa orodha huishia hapo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma hii sisi tumeicheza miaka mingi pasi na kuuliza nani aliyeiwamba.

Mimi naongeza pahala pa nne: Imphal na Kohima, mpakani mwa India na Burma. Machi 1944 Wajapani waliingia India. Kufikia Julai walikuwa wakirudi nyuma, wamevunjwa na risasi, njaa na maradhi. Lakini adui arudiye nyuma akiachwa apumue hujipanga upya, na Jenerali Slim hakutaka kumwachia nafasi hiyo. Basi ni akina nani waliotumwa kumfuata katika Bonde la Kabaw, lililosifika kwa malaria? Ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru: vijana wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland.

Walikwenda mvua zikinyesha. Sisi watu wa pwani twaijua kusi. Msimu ule ule unaotuchafulia bahari huku ndio unaomimina mvua kule Burma. Njia ziligeuka matope, chakula kikadondoshwa kwa ndege. Desemba 1944 wakaitwaa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Hapo likajengwa daraja la chuma la futi 1,154, na njia ya kuingia Burma ya kati ikafunguka.

Gharama yake ilianza kulipwa mapema. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu wapatao 1,300, miongoni mwao mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa kike. Kwa mama aliyekuwa akimngoja mwanawe, vita viligeuka siku ile.

Najua wako watakaosema havikuwa vita vyetu. Kweli. Mtu aliyetawaliwa alikwenda kupigania uhuru wa wenzake, akarudi akaukuta wake ungali kifungoni. Lakini hiyo ni sababu ya kulisimulia jambo hili, si ya kulinyamazia.

Chuoni tulifunzwa kuwa habari haitimii bila ya isnadi: nani kaisema, naye kaipokea kwa nani. Isnadi ya Kabaw inatukatikia mikononi. Waliokwenda wamekaribia kwisha wote. Waliobaki ni wana na wajukuu waliosikia kwa masikio yao. Walimu waitie Kabaw ubaoni kando ya Stalingrad, na malenga wenzangu waitungie. Nawe msomaji, kama babu alikusimulia, chukua kalamu leo uandike. Tusipoiwamba ngoma yetu wenyewe, tusilalamike kuwa yavutia kwingine.