Gia Imekwama: Uliza Kwanza, Fungua Baadaye

Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za uji na chanjo, tuzungumzie gari. Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya baba. Lakini baba akiwa safarini, nawe umepakia watoto na gia imekataa kutoka, mambo hayo yamekuwa yako.

Mwaka jana tulikuwa tunarudi Morogoro kutoka semina ya akina mama huko Dumila. Tulikuwa wanne, mmoja ana mtoto mchanga. Karibu na Dakawa nilipunguza mwendo, nikakanyaga klachi ili nitoe gia ya pili, mkono wa gia ukagoma. Nikalielekeza gari pembeni, nikakanyaga breki, injini ikazimika.

Fundi aliyeitwa aliingia, akakanyaga klachi na kuwasha. Gari likaruka mbele! Mwenzetu mwenye mtoto alikuwa amesimama hatua chache tu mbele ya bampa. Namshukuru Mungu alikuwa mwepesi. Fundi hakushtuka sana, alitangaza tu kwamba giaboksi imekufa na lazima ishushwe. Bei aliyoitaja ilikaribia ada ya muhula ya binti yetu.

Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, alikuwa anatutazama kutoka dukani. Akauliza, "Mwanangu, pedali ya klachi inarudi juu vizuri, au inazama?"

Swali lile lilinirudisha wodini. Mgonjwa akija analia tumbo, hatumpeleki chumba cha upasuaji kabla ya kumwuliza panauma wapi na tangu lini. Ni kweli, pedali ilikuwa imelegea tangu asubuhi, nami nilipuuza.

Kazi ya klachi ni kuitenga injini na giaboksi. Isipotenga, meno ya gia hubaki yamebanwa na nguvu ya injini, na mkono hautoki hata uvute kwa mikono miwili. Ndiyo sababu gari letu liliruka: fundi alikanyaga klachi, lakini klachi haikukata. Kwa hiyo dada yangu, gari lililokwama kwenye gia usiliwashe mtu akiwa mbele wala nyuma yake.

Mzee alituelekeza hivi. Injini izimwe, gari liwe mahali tambarare. Kanyaga klachi mara kadhaa mfululizo, kisha ishikilie chini na ujaribu gia. Ikitoka wakati injini imezimwa, lakini ikigoma injini ikiunguruma, shuku klachi kwanza. Ikiwa bado imegoma, achia hendibreki huku umeshikilia klachi chini, wenzako walisukume gari kidogo mbele na nyuma. Kusukuma huko huweza kulegeza meno yaliyobanana. Tena hukupa jibu: gari likitembea, klachi inakata, ugonjwa uko kwingine. Lisipotembea kabisa na breki hazijashika, huenda klachi haikati, au gia mbili zimeingia kwa pamoja.

Tazama pia mkono wenyewe. Ukicheza ovyo kama mwiko kwenye uji mwepesi huku gia haibadiliki, mara nyingi ni waya au vyuma vinavyouunganisha na giaboksi ndivyo vilivyochomoka au kulika. Hiyo ni kazi ya nje. Ukiwa mgumu kama mti ilhali klachi inakata na vyuma vya nje ni vizima, hapo fundi ana haki ya kusema giaboksi ifunguliwe.

Wenye gari la gia otomatiki, likigoma kutoka kwenye P, kanyaga breki na mtu aangalie taa za nyuma. Zisipowaka, anzeni na fyuzi na swichi ya breki. Na kama limeegeshwa mlimani bila hendibreki, uzito wote huegemea kijino kimoja ndani, na mkono huwa mgumu kwelikweli.

Basi, sisi tulikanyaga pedali mara saba au nane, gia ikatoka. Mzee akaniambia niinue zulia chini ya pedali. Lilikuwa limelowa. Silinda ya klachi ilikuwa inavuja, na kopo lake la mafuta kule mbele lilikuwa karibu tupu. (Mafuta hayo ni yale yale ya breki. Hubabua rangi ya gari, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.) Magari mengine hutumia waya badala ya mafuta, basi hapo hukaguliwa waya.

Tulivutwa hadi Morogoro. Fundi mwingine alibadilisha mipira ya silinda, akajaza mafuta na kutoa hewa, kazi ya alasiri moja. Ada ya binti ililipwa kwa wakati. Naye yule mwenzetu, hadi leo nikimwambia apande garini, huinama kwanza upande wa dereva na kupapasa zulia.