Springi Ngumu Haigeuzi Pikapu Kuwa Lori

Shemeji yangu ana pikapu aina ya Peugeot 504, yenye umri wa kutosha kuitwa babu. Kila Jumanne na Ijumaa huamka saa tisa usiku, akapakia kabeji Kinangop na kuzifikisha Marikiti, Nairobi, alfajiri. Karo ya watoto watatu, kodi ya nyumba, hata soda nilizokunywa kwake Krismasi, zote zimebebwa na gari hilo.

Mwaka jana gari likaanza kulala pua. Springi za mbele zilikuwa zimechoka, na kwenye kila shimo ungesikia chuma kikigonga chuma. Fundi mmoja, ambaye jina lake nitalisitiri, akatoa dawa.

"Mzee, hizi tupa. Nina springi nene za gari kubwa. Ukiweka hizo utabeba hata ng'ombe!"

Nilikuwepo siku ya kazi, na nikashuhudia kioja. Mwanagenzi wake, kijana ambaye hata ndevu hazijaota, alikuwa amechutama akilegeza nati ya juu huku uso wake ukiwa shubiri moja tu kutoka kwenye springi. Kilichoizuia springi hiyo kufyatuka ni waya wa kufungia ua!

Ndugu msomaji, springi ya gari iliyobanwa imeweka akiba ya nguvu zinazoweza kumvunja mtu taya, au kumuua. Kuna kifaa maalumu cha kuibana, chenye skrubu ndefu na kucha za chuma. Nilipiga kelele mpaka kikaazimwa gereji ya jirani. Fundi alinuna, lakini kijana alinitazama kwa jicho la shukrani.

Basi springi zikaingia na pikapu ikasimama kifua mbele kama jogoo. Nyuma nako majani ya springi yakaongezwa. Shemeji akachekelea, na magunia yakapanda kutoka 10 hadi 14.

Wiki ya tatu, asubuhi ya manyunyu, alikuwa akiteremka kutoka Limuru kuja Nairobi. Mzigo ulikuwa umelemea nyuma na usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Alipokanyaga breki penye mashimo, magurudumu ya mbele yalidundadunda badala ya kushika lami. Pikapu ikaishia mtaroni. Dada yangu alikuwa ameketi kando yake. Waliumia magoti tu, tukamshukuru Mungu. Kabeji zikawa karamu ya mbuzi.

Kosa lilikuwa wapi? Wanafunzi wa sekondari mnaijua kanuni ya Robert Hooke: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaotwikwa. Springi ngumu hubonyea kidogo. Na ugumu huo hupanda kwa kasi ajabu. Ukichukua springi mbili zenye upana sawa na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 12 na nyingine ya milimita 13, ile ya pili ni ngumu zaidi kwa theluthi moja na ushei. Hiyo ni tofauti ya milimita moja tu! Hata kukata mzunguko mmoja ili springi itoshe, kama wafanyavyo mafundi wengi, huiongezea ugumu.

Shokabzoba, yaani zile pampu za mafuta zinazotuliza mruko wa springi, zilikuwa za zamani. Hazikuweza kuidhibiti springi ngumu. Breki zilikuwa zile zile, na vivyo hivyo tairi, ekseli na chasisi. Gari liliinuka, lakini halikupata nguvu mpya.

Kiwanda chenyewe kilipotaka 504 ya familia, ile ndefu ya abiria wengi, ibebe zaidi ya saluni, hakikubadili springi peke yake. Kilirefusha gari, kikaweka ekseli nyingine ya nyuma na kuipa springi nne badala ya mbili.

Kwa hivyo, gari lako likilala pua, nunua springi za kipimo chake, na ubadilishe zote mbili za mbele kwa pamoja. Kagua shokabzoba. Pima mwelekeo wa magurudumu, la sivyo tairi zitalika upande mmoja. Rekebisha taa pia, kwani pua ikiinuka taa humulika macho ya wanaokuja. Na fundi asiye na kifaa cha kubana springi, muage kwa heshima.

Shemeji amerudi kwenye springi za kipimo na magunia 10. Mzigo ukizidi, huenda safari ya pili. Dada yangu ameanza tena kupanda naye, ila wakifika mteremko ule, bado huushika mlango kwa mikono miwili.