Manjano: Soko Lisilipie Rangi

Mnunuzi wa manjano ya unga, awe Sanje, Mang'ula au Ifakara, huchagua kwa macho. Unga unaong'aa huondoka haraka. Uliopauka hubaki mezani hadi bei ishushwe. Tabia hiyo ndiyo inayofungulia sumu mlango, na baada ya mlaji, atakayeumia ni mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo.

Sumu inayohusika ni kromati ya risasi, chumvi ya rangi ya manjano iliyotumika kwa miaka mingi katika rangi za kupaka na za mistari ya barabarani. Karibu asilimia 64 ya uzito wake ni madini ya risasi. Haiyeyuki kwa urahisi majini, lakini asidi ya tumboni huweza kuiyeyusha, na kupika hakuiondoi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Bangladesh imekwisha kuonja hasara hiyo. Mafuriko ya miaka ya 1980 yaliacha manjano yenye rangi hafifu, wafanyabiashara wakaanza kuyatia chumvi hiyo ili yauzike. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikutwa na risasi. Serikali ilifanya msako, ikatoza faini na kuutangazia umma. Kufikia mwaka 2021 hakuna sampuli iliyokutwa na risasi.

Wanaodhani hayo ni mambo ya soko moja la mbali watazame Marekani. Mwaka 2023 mdalasini wenye kromati ya risasi ulikutwa katika chakula cha watoto kilichotengenezwa Ecuador, na bidhaa hiyo ikaondolewa madukani. Aliyefunga pakiti hakuwa amesaga mdalasini huo, lakini jina lililochafuka ni lake.

Kwa wafanyabiashara wa barabara ya Mikumi hadi Ifakara, funzo ni la kibiashara. Anayenunua unga wa jumla asioujua ulikosagwa ananunua pia deni la mtu mwingine. Ni heri anunue manjano mazima makavu kwa mkulima anayemfahamu, ayasagishe mwenyewe, na kuandika tarehe na mahali mzigo ulikotoka. Macho hayatoshi, kinachothibitisha ni kipimo cha maabara. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na SIDO huwasaidia wajasiriamali wadogo kuifikia alama ya ubora.

Gharama hizo zitaonekana nzito kwa mwenye magunia mawili. Ndiyo maana wauzaji wachache wakiungana na kupima mzigo mmoja kwa pamoja, mzigo huo utabeba gharama bila kuwaelemea. Lakini wanunuzi nao wana sehemu yao: soko linalolipia rangi litaletewa rangi.