Kanjo Ilikufa, Uwanja wa Mtaa Ukabaki Bila Mwenyewe

Komredi, ukienda nyumbani likizo hii uliza swali moja tu: ule uwanja tuliochezea utotoni ni wa nani? Mimi nimeuliza mtaani kwetu nikapata majibu matatu. Mzee mmoja alisema ni wa kaunti. Kwenye ofisi ya wadi nikaambiwa labda ni wa shule. Shuleni nikaambiwa wao wanautumia tu. Wakati huo huo nyasi zinafika magotini na mlingoti mmoja wa goli umeanguka.

Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, angalau ulijua mlango wa kubisha. Kenya ilikuwa na serikali za mitaa 175, na kila mji wenye manispaa ulikuwa na baraza lake, ile tuliyoita kanjo. Baada ya uchaguzi zikavunjwa, kazi na mali zake zikaingia kwa kaunti 47. Pale Kiambu, kwa mfano, Thika, Ruiru, Limuru na Kiambu, kila moja ikiwa na baraza lake la manispaa, zote ziliwekwa chini ya serikali moja. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake, pamoja na bustani na sehemu za burudani. Kwa karatasi, mambo ni sawa.

Shida ni kwamba serikali kubwa huona viwanja vikubwa. Mombasa na Nakuru, viwanja vya zamani vya manispaa vilifungwa ili vijengwe upya, na kila msimu wa kampeni unasikia ahadi ya stediamu nyingine. Sipingi stediamu. Lakini msichana wa miaka kumi na miwili anayetaka kucheza netiboli saa kumi na moja jioni hatapanda matatu kwenda stediamu ya kaunti. Anahitaji kiwanja cha mwendo wa dakika tano, na mtu wa kulalamikiwa kikiharibika.

Mtu huyo ndiye tuliyempoteza. Diwani na karani wa baraza walikuwa mjini humo humo. Leo mwakilishi wadi ana sauti katika bunge la kaunti, ila hana trekta wala fundi. Ni kweli bodi za manispaa zimerudi, hasa baada ya sheria ya miji kurekebishwa mwaka wa 2019 na kiwango cha watu kushushwa kutoka 250,000 hadi 50,000. Lakini bodi hizo hatuzipigii kura, na kwa pesa bado zinaitegemea kaunti.

Najua kuna atakayeniambia: wacha hizo, kanjo ilikuwa na wezi. Hapo hatutabishana. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na mabaraza yalikuwemo. Tena kaunti zimepeleka pesa hadi vijijini ambako manispaa hazikuwahi kufika. Kwa hivyo sisemi kanjo irudi. Nasema wizi ule ndio unaofaa kututia hofu zaidi leo, kwa sababu uwanja ambao wakazi hawajui ni wa nani ni rahisi kunyakuliwa. Siku moja utaona mawe ya kupimia, kesho yake mabati.

Kama mwalimu mtarajiwa, jambo hili linanigusa moja kwa moja. Shule nyingi za mijini zina darasa na choo, uwanja hakuna. Watoto wao huchezea pale mtaani. Mtaala mpya unataka tufunze michezo kama somo. Tutaifunzia wapi, kwenye veranda?

Mapendekezo yangu ni matatu, na hakuna linalohitaji mabilioni. Kwanza, kila uwanja wa umma upimwe, upate hati, na orodha yake ibandikwe kwenye ofisi ya wadi. Pili, bajeti ya kaunti iwe na fungu dogo la matunzo kwa kila wadi, la kukata nyasi na kurekebisha magoli, lisichanganywe na pesa za ujenzi. Tatu, kila uwanja uwe na kamati ya wanaoutumia: kocha, mwalimu, mzee wa mtaa, na wasichana pia, maana mara nyingi vijana wa mpira hujipa uwanja wote.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na kabla ya hapo sheria inaitaka kaunti isikize maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Komredi, wewe unajua kuandika. Andika ukurasa mmoja, taja uwanja wenu na mahali ulipo, omba jibu la maandishi kuhusu mwenye hati, kisha nenda na wachezaji kumi mkaketi mbele.