Mtoto akikataa mboga, weka fimbo chini

Ukitoka Thika kuelekea Murang'a utapita mashamba makubwa ya mananasi. Ukiingia soko la Ruiru utakuta mafungu ya sukuma wiki, karoti, maparachichi na ndizi mbivu. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za miji hii miwili, mtoto hula wali wote na kuisukuma mboga ukingoni mwa sahani.

Mama hugomba, baba hutafuta fimbo. Mtoto humeza vijiko viwili huku akilia, na tangu siku hiyo mboga na machozi huwa kitu kimoja kwake.

Jambo lenyewe si dogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni wa mwaka 2023 unapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Viazi na mihogo haimo katika hesabu hiyo. Anayekosa vyakula hivi huweza kufunga choo, kupungukiwa damu na kukosa vitamini A inayolinda macho.

Basi ufanyeje, mzazi mwenzangu?

Kwanza, subiri. Watoto wadogo huogopa chakula kigeni, na huo si utundu. Uchunguzi wa wataalamu, akiwemo Leann Birch wa Marekani, umeonyesha kwamba mtoto huweza kuhitaji kuonja chakula kile kile mara kumi au zaidi kabla ya kukizoea. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Mwekee kijiko kimoja tu, nawe ule chako kwa furaha akikutazama.

Pili, gawaneni kazi. Wewe amua kitakachopikwa, saa na mahali pa kula. Mtoto aamue atakula kiasi gani.

Tatu, usiihonge mboga. Ukisema, "Maliza sukuma nikupe biskuti," umemfundisha kwamba biskuti ni zawadi na sukuma ni adhabu.

Nne, chunga saa kumi ya jioni. Mtoto aliyeshiba mandazi na soda hatakuwa na njaa ya mboga usiku. Atokapo shule mpe papai, ndizi au kipande cha nanasi. Tunda lenyewe ni bora kuliko maji yake yaliyotiwa sukari.

Tano, rudi jikoni kwa nyanya. Mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge ni mboga iliyopondwa ikawa laini. Managu machungu hupoa ukiyachanganya na mchicha au kuyatia maziwa. Usiichemshe sukuma wiki hadi ipoteze rangi. Ikaange kidogo, kwani vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Baada ya githeri mpe chungwa, nalo litausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe. Chai iliyonywewa pamoja na chakula huzuia hayo.

Kwa wapangaji wasio na shamba, gunia moja la udongo mlangoni hutosha kuotesha sukuma wiki. Mwache mtoto alinyweshee maji na kuchuma mwenyewe. Mara nyingi mtoto hutaka kuonja alichokipanda.

Tahadhari mbili. Osha matunda na mboga kwa maji safi, na aliye chini ya miaka mitano usimpe vipande vigumu vya karoti mbichi, maana vyaweza kumkaba. Na ikiwa mtoto hukataa karibu kila chakula, au uzito wake hauongezeki, mpeleke kliniki badala ya kumgombeza.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini, msomaji wangu, hawakusema mvunje. Leo jioni weka kijiko kimoja cha mboga sahanini, kisha unyamaze. Kesho weka kingine.