Mpe Kadi, Mpe na Daftari

Kila msimu wa vijana kufunga masanduku kwenda vyuoni, swali moja huizunguka nyumba yenye mjomba, shangazi au mama mdogo: mtoto tumpe nini? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Noti zilifunguliwa kutoka pindo la kanga, zikatiwa kiganjani pale stendi, dereva akiwa ameshawasha gari. Siku hizi wengi wetu tunanunua kadi ya kulipia kabla. Unaweka humo shilingi laki moja, naye anatumia mpaka iishe. Naiunga mkono zawadi hii kwa moyo wote. Lakini kadi peke yake ni nusu ya zawadi, na nusu iliyobaki ndiyo tunayoisahau.

Uzuri wa kadi hii ni kwamba ina ukingo. Mwenye kadi ya mkopo hutumia fedha za benki, na akichelewa kulipa, riba humwandama. Mwenye kadi ya kulipia kabla hutumia kilichowekwa tu, kikiisha, kimekwisha. Utaratibu huo tunaujua. Tulikwangua vocha za simu tukajifunza kufupisha maneno. Tunanunua umeme wa LUKU, na jina lenyewe ni somo tosha: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mtoto anayeona uniti zikishuka kwenye mita hujifunza mapema kuzima taa ya chumba kisicho na mtu. Vivyo hivyo kijana anahitaji kuiona fedha ikipungua wakati sisi bado tupo karibu naye.

Tena aione kabla bumu halijamfikia. Mwenye mtoto chuoni analijua neno hilo: ni fedha ya kujikimu itokayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Vijana hulipokea kwa shangwe kama mvua ya kwanza, ilhali ni deni, na siku akiajiriwa litakatwa kwenye mshahara wake. Huja kwa mkupuo, tena kwa mtu ambaye pengine hajawahi kukaa na laki moja mwezi mzima. Akila kuku wiki mbili na kushinda na chai ya rangi wiki ya tatu, tunamshangaa nini? Nani alimfundisha?

Nauliza hivyo kwa uchungu, maana jambo hili lilinikuta. Nilimkabidhi mpwa wangu kadi yake ya kwanza, tukapiga picha, nikarudi nyumbani nikijiona nimetimiza wajibu. Siku kumi hazikuisha akapiga simu: "Mjomba, shikamoo. Kadi imeisha." Nilipomwuliza imekwendaje, hakujua. Hakuwa mlevi wala mpenda anasa. Alikuwa akitoa elfu tano tano kwenye mashine, na kila alipotoa palikuwa na makato ambayo sikumwambia, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuuliza nilipoinunua. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee wetu, na siku ile nilijua walikuwa wakinisema mimi.

Basi tuulize kabla ya kulipa. Ada ya kuinunua ni kiasi gani? Ya kutoa fedha je? Kuna makato ya kila mwezi? Ina tarehe ya mwisho? Marekani, ambako ndugu zetu wengi huwanunulia watoto kadi za zawadi madukani, sheria ya mwaka 2009 iliamuru fedha iliyomo isife kabla ya miaka 5, na makato ya kadi iliyolala yasianze kabla ya miezi 12. Kama huko ilibidi sheria iingilie, sisi tusione haya kusumbua karani kwa maswali manne.

Wapo watakaosema: nitaishika namba ya siri ili nimchunge. Nawasihi wasifanye hivyo. Namba ya siri ni ya mwenye kadi peke yake. Ukimzoesha kuitoa kwako, siku tapeli akipiga simu kwa sauti ya heshima ataitoa pia. Sote tumepokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii". Tumweleze kijana kwamba mtego ni uleule, chambo tu ndicho kinachobadilishwa.

Mlinzi wa kweli ni daftari. Safari ya pili nilimpa mpwa wangu kadi pamoja na daftari dogo la mistari, nikamwomba aandike kila kilichotoka, hata chapati. Nilimwahidi kwamba sitamgombeza kwa lolote nitakalolisoma, na ahadi hiyo niliitunza. Aliporudi likizo kadi ilikuwa na shilingi elfu sita, na daftari limejaa. Ukurasa mmoja alikuwa ameandika: "Nimemkopesha mwenzangu, hajala tangu jana." Pale nilijua kijana anaweza kushika bumu.

Wazee wenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Usiku wa kuamkia safari, kaeni mkekani wewe na mtoto wako, mfungue ukurasa wa kwanza, muandike pamoja kiasi kilichomo kwenye kadi. Mstari wa pili mwachie yeye.