Neno la Kiingereza: “Borrow” na jirani yake “Lend”

Mwezi huu natwaa neno la tendo lililonitia aibu mimi mwenyewe, nalo ni “borrow”.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilimwazima mwenzangu baiskeli ya shule kwa siku tatu, tena kwa ruhusa. Daftari la vifaa liliandikwa kwa Kiingereza, nami nikaandika: “I borrowed the bicycle to my friend.” Baiskeli ikarudi gurudumu limepindika. Mkaguzi alipolisoma daftari, alifahamu kwamba mimi ndimi niliyeichukua, nikaiendesha kwenda kwa rafiki yangu. Mwenzangu alikwisha kuhamishwa, na shahidi wangu alikuwa mwandiko wangu. Nikakatwa mshahara.

Kosa lilitoka wapi? Lilitoka katika Kiswahili changu. Sisi twatumia neno moja, kuazima, kwa mwenye kitu na kwa mwenye haja. Nikisema “niliazima jembe,” mimi ndiye niliyepewa. Nikisema “nilimwazima jembe,” mimi ndiye niliyetoa. Ile “m” ndogo katikati ndiyo ionyeshayo jembe limekwenda upande gani. Kiingereza hakina alama hiyo; njia ya kitu imo ndani ya neno lenyewe. Kwa apokeaye husemwa “borrow”, kwa atoaye husemwa “lend”.

Basi mtoto asiseme “borrow me your pen,” ingawa kwetu “niazime kalamu yako” ni maneno mazuri kabisa. Na aseme “lend me your pen,” au, kwa adabu zaidi, “may I borrow your pen?” Kisha “borrow” hufuatana na “from”: “I borrowed a hoe from my uncle.” Lakini “lend” hufuatana na “to”, au mtu hutajwa papo hapo: “I lent my uncle a hoe.” Angalieni hiyo “lent”, hapana “lended”. (Na “Lent” ya Kwaresima ni neno jingine, ambalo asili yake ni jina la majira ya machipuko huko Uingereza. Msiyachanganye.)

Katika hati ya deni kosa hili ni kubwa kuliko gurudumu. Mdaiwa aandikaye “I lent 50,000 shillings” amejigeuza kuwa mdai, na mjane wa mwenye fedha atapata taabu siku ya kudai.

Hata hivyo, kwa upande mwingine Kiswahili ndicho chenye macho makali. Jembe huazimwa, maana litarudi lile lile. Fedha hukopwa, maana shilingi zitakazorudi si zile zilizotolewa. Mwingereza asema “borrow” kwa vyote viwili, hata kwa chumvi ya jirani iliyokwisha kuliwa. Kwa hiyo ukifasiri “borrow” kwa Kiswahili, tazama kwanza ni kitu gani. Na kitu kisichoondoka mahali pake, kama cherehani utakayoshonea pale pale kwa mwenyewe, ni afadhali kusema “use”.

Waingereza hulitumia “borrow” hata kwa maneno ya lugha. Kwetu walitwaa “safari”, nasi kwao tukatwaa “baiskeli”. Kama ni kuazima au ni kukopa, sijui niseme lipi, maana hapana upande uliorudisha.